Shoferi na Mbwa Banakuya

Kwenye avenyu yetu ya Songo tulikuwa na Shoferi mmoja tu, na miaka yote niliyomjua sikumwona akiendesha kitu kingine isipokuwa toroli la kubebea maji. Lori lake lilichukuliwa katika vita vya kwanza vya huku kwetu Kongo na watu wenye bunduki ambao, kwa maneno yake, hawakujua hata kuingiza vitesi, yaani gia, ya pili. Waliliondoa likilia kwa vitesi ya kwanza mpaka mlio ukapotea, naye akabaki amesimama barabarani, akiumwa na ule mlio kuliko wizi wenyewe. Kilichobaki ni bashi, turubai la kufunikia mizigo, kwa sababu siku hiyo lilikuwa limeanikwa juu ya ua. Alilitandika juu ya paa lake lililokuwa likivuja, akaendelea kuitwa Shoferi, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilicheka kidogo, lakini sauti yangu haisikiki hata nikicheka.

Tulitenganishwa na ua wa matete. Upande wake aliishi peke yake na mbwa mmoja na paka mmoja. Upande wetu tulikaa mimi na mama. Ninasema "tulitenganishwa" kwa kuyaheshimu matete tu, maana wale wanyama hawakuujua mpaka huo. Mbwa alilala kwake akala kwetu. Paka alikula kote.

Nilimaliza darasa la sita la msingi, kisha vita vikafunga shule, na zilipofunguliwa nilikuwa nimeshazoea kukaa nyumbani. Kwa hiyo Kifaransa changu chote nilikipata kupitia matundu ya ule ua, na chote ni cha gari. Kwa Shoferi, mtoto mwenye mafua alikuwa anavuja mafuta, mtu mwenye hasira alikuwa amekwama kwenye vitesi, na aliyekufa amekata kontakti, yaani amezima injini. Siku moja nilimpeleka mama kwenye kituo cha afya, muuguzi akaniuliza kwa Kifaransa ana shida gani. Nikamjibu kwamba radiata yake inachemka. Mama alikuwa na homa, basi sikukosea sana, lakini muuguzi alienda kuwaita wenzake waje wanisikilize, nami nikakataa kurudia.

Huku kwetu mbwa hapewi jina ili aitwe. Anapewa ili jirani asikie. Ukigombana na mtu, humwendei nyumbani kwake. Unatafuta mtoto wa mbwa, unampa jina, kisha unasimama uani asubuhi na jioni unamwita kwa sauti kubwa. Mwisho wa avenyu kulikuwa na mbwa aliyeitwa Muliniroga, na nyumba iliyotazamana nayo ikafuga mbwa ikamwita Nabado. Kila asubuhi wale wazee wawili, ambao hawakusalimiana tangu nizaliwe, walisimama milangoni pao. "Muliniroga!" aliita mmoja. "Nabado!" akaitikia mwingine. Na mbwa wao walicheza pamoja katikati ya njia.

Mbwa wa Shoferi aliitwa Banakuya, yaani wanakuja. Alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani ambao, samaki wake wa mukeke akianza kunukia kwenye mafuta, walikumbuka kwamba hawajamsalimu siku nyingi.

"Nikitia tu samaki mu mafuta, banakuya," alisema. "Basi na minye ninabaita mbele bakuye, bajue niko nabangojea."

Nilicheka sana na jina hilo. Ilinichukua miaka miwili kutambua kwamba majirani hao ni sisi.

Banakuya alikuwa na rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na lingine limelala, kama mtu anayesikiliza habari mbili kwa wakati mmoja. Aliiba viatu. Hakuvitafuna, alivikusanya tu chini ya kitanda cha Shoferi, na katika kila jozi alichukua cha kushoto. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nusu ya avenyu ilipita pale kuchambua.

"Shoferi, mbwa yako iko na wazimu!"

"Haiko na wazimu, mama," alijibu Shoferi, akizungusha usukani wa hewa mikononi. "Iko na volani ku kushoto kama gari zote za Kongo. Ukitaka ikamate kiatu ya kulia, uipeleke Tanzania."

Paka aliitwa Bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, maana alilala amekingama mlangoni mwa jiko, na hakuna samaki aliyepita bila kuacha kitu. Shoferi alidai kwamba hampendi. "Paka haiko na bwana," alisema, "iko tu na adresi." Lakini alipokaanga mukeke alimpa Bariyeri kichwa, akampa Banakuya mkia, akasema kwamba katikati ni ya shoferi, kisha wale wawili wakamtazama, akaanza kumega huku na huku. Nimemwona mara nyingi akila bugali na mifupa, akilalamika kwamba samaki wa siku hizi hawana nyama.

Mimi Bariyeri aliujua udhaifu wangu mapema. Mama alinipa fimbo nilinde ndagala, yaani dagaa, tulizokuwa tumeanika kwenye mkeka. Bariyeri alikuja akakaa mbele yangu, akanitazama machoni. Mimi ni mtu ambaye nikitazamwa machoni huangalia chini. Nilipoinua macho, nusu ya mkeka ilikuwa tupu.

"Hata paka unaionea haya?" mama aliuliza.

Niliangalia mkeka. Nilimwonea haya mama pia.

Haya hiyo Shoferi aliichukua kama kazi ya fundi. Mama aliponituma kwake kuazima chumvi, nilisimama nje ya ua mpaka mbwa abweke kwa niaba yangu. Yeye alitoka akanikuta natazama matete.

"Mamuzeli," ndivyo alivyoniita, "gari bila klaksoni inauaka bantu. Piga hodi."

"Hodi," nilisema.

"Hiyo ni baiskeli. Piga ya kamyo," alisema, akitaka honi ya lori.

Alinipa zoezi: kila jioni nimwite Banakuya aje kula. Niliita. Banakuya hakuja hata siku moja, alikuja Bariyeri. Shoferi alishika kiuno akasema kwamba nimezaliwa na sauti ya paka, na kwamba Mungu angeniwekea manyoya kidogo tu, kazi ingekuwa imekamilika.

Ajabu ni kwamba huyo aliyenifundisha kutoogopa aliogopa maji. Tulikaa hatua mia mbili kutoka ziwani, na hakuwahi kutia hata kisigino. Alioga kwa beseni. Banakuya alipoingia ziwani kuogelea, Shoferi alisimama mbali, kwenye mchanga mkavu, akipiga kelele kama mtu aliyekatikiwa breki: "Rudi weye! Ile haiko barabara! Ziwa haiko na freni!" Watu waliofua nguo walijikunja kwa kicheko. Na alikuwa na mwiko kwamba mbwa halali ndani, kwa kuwa gari halilali sebuleni. Kitanda chake kilikuwa kimebonyea sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo.

Vita vilipokuja mara ya pili, kila nyumba ilifunga furushi ikaliweka mlangoni. La kwetu lilikuwa na sahani, unga, blanketi na kitenge kizuri cha mama. Siku ya kwanza ambapo milio ya bunduki ilisikika karibu, mama alilitwika, tukapanda mlima pamoja na wengine. Lilikuwa zito kuliko tulivyolifunga, na tulifikiri ni hofu. Kule juu mama alilifungua tule, tukamkuta Bariyeri amelala katikati na watoto wanne, wote wamelowesha kile kitenge. Ili kupata nafasi alikuwa ametoa sahani na unga, pengine siku mbili nyuma, na mimi ndiye niliyezikuta sahani mlangoni nikazirudisha kabatini, nikijisifu kwa usafi.

"Bantu bote banakimbia na chakula," mama alisema, "siye tunakimbia na paka."

Shoferi alikuwa amekaa karibu, Banakuya miguuni pake. Alilitazama furushi. "Bariyeri inafuataka bantu," alisema. "Bantu bakihama, na yeye anahama." Kisha akatumegea muhogo wake wa kuchoma, siku mbili mfululizo, yeye ambaye mbwa wake alitutangaza kwa mji mzima kuwa walaji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Kaka yangu alikuwa amevuka kwenda Bujumbura kutafuta kazi, na kutoka huko alinitumia viatu vyeusi vyenye kifungo pembeni. Sikuwa nimevivaa nje. Nilivivaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, nikitembea kutoka kitandani hadi kwenye sufuria na kurudi. Wakati huo habari mbaya zilikuwa zimeanza tena kuzunguka sokoni, mafurushi yamerudi milangoni, watu wanalala na nguo zao. Shoferi alikuwa ana siku tatu za homa. Asubuhi moja mama alienda ziwani kufua, nami nikatoa viatu vyangu nje nivipanguse vumbi, ingawa havikuwa na vumbi.

Niligeuka kuchukua kitambaa. Banakuya akachukua cha kushoto.

Nilimwita kwa sauti yangu ya paka. Hata sikio lililosimama halikutikisika. Alipenya kwenye tundu la ua, akashika njia. Sijui nini kilinipata. Nafikiri ni miaka yote ya kunyamaza iliyokuwa imejipanga foleni, na sasa mlango ulifunguka. Nilitoka mbio, kiatu cha kulia mkononi, kichwa wazi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Banakuya! Banakuya weee! Banakuya!"

Avenyu nzima ilimjua yule mbwa. Shoferi aliliita jina hilo mara tano kwa siku na hakuna hata kuku aliyeinua kichwa. Angeita yeye, watu wangeendelea kumenya mihogo yao. Lakini aliyelia sasa alikuwa ni binti ambaye hajawahi kusikika, anakimbia na kiatu kimoja. Nani angefikiri mbwa?

Mama Kushona, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliacha nguo chini ya sindano akamnyakua mtoto. Nyumba ya nne walimfuata Mama Kushona, na ya tano wakafuata ya nne. Wengine walielekea mlimani, wengine ufukoni kutafuta mitumbwi, wengi wakashika njia ya Kavimvira kwenye mpaka wa Burundi. Nilikuwa bado namkimbiza mbwa nilipoona watu wananipita na mafurushi kichwani. Nikajiambia: kumbe ni kweli! Nikamwacha mbwa, nikaacha kiatu, nikakimbia nao. Na kwa kuwa sikuwa na furushi, nikawa mbele.

Karibu na Kavimvira nilimuuliza mama mmoja, kwa sauti yangu ya kawaida iliyokuwa imesharudi:

"Mama, ni banani banakuya?"

"Sijue, mwanangu," alinijibu, anahema. "Kuko binti mumoja alipiga makelele kule Songo. Maskini ya Mungu, pengine balimukamata."

Nilimhurumia yule binti. Nilitembea hatua kama hamsini kabla ya kumtambua.

Hakuna aliyekuja. Tulirudi kesho yake mchana, tukikwepana macho, kama watu waliokunywa kupita kiasi kwenye harusi. Nilimkuta mama nyumbani, naye alikuwa amekimbilia upande mwingine. Mbuzi wawili walikuwa wamepotea, sufuria za maharage zimeungua. Hayo yote yangeweza kuchekwa. Lakini kwa Mama Kushona wezi walikuwa wameng'oa kichwa cha cherehani, wakaacha meza na kanyagio. Alikuwa ameketi mbele ya ile meza, mguu wake ukikanyaga, na juu hakukuwa na kitu.

Shoferi tulimkuta kitandani, anatetemeka. Hakuna aliyekumbuka kumbeba. Banakuya alikuwa amelala kwenye bonyeo lake, na chini ya kitanda kulikuwa na kiatu changu.

Jioni hiyo hiyo shefu wa avenyu alituita sote kwenye uwanja wa nyumba yake. Alitaka kujua nani alianzisha.

"Minye nilisikia mwanaume," alisema mwenye Muliniroga.

"Balikuwa banamuke batatu," alisema mwenye Nabado, kwa kuwa hakuweza kukubaliana naye.

"Na masasi nilisikia!" akaongeza wa kwanza, akiiga mlio wa risasi.

"Masasi ni mulango yako, papa. Uliubamiza mwenyewe."

Mama Kushona hakupaza sauti. "Batoto yangu banakulaka ku ile mashini," alisema. "Anayejua aseme."

Kijana mmoja akanyoosha kidole kwangu. "Minye nilimuona huyu. Alikuwa mbele ya bote."

Wote waligeuka. Nilihisi masikio yanawaka. Ni Mama Kushona mwenyewe aliyenitetea.

"Huyu? Huyu ukimukanyaga muguu, ni yeye anakuomba pardo. Muache mwana wa bantu."

Watu walicheka, kicheko cha kwanza tangu jana yake. Niliinua mkono. Ninataka ieleweke kwamba niliuinua. Shefu aliuona, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Eeh, enda, mwanangu. Choo iko nyuma ya nyumba."

Nikaenda. Nilipita mbele ya watu wote, nikaingia chooni, nikafunga mlango ingawa sikuwa na haja. Mle ndani nilitunga sentensi. Nilikuwa mtunzi wa polepole hata wakati huo: nilibadilisha mwanzo mara tatu. Mwishowe nikaipata: "Aliyeita ni mimi, nilikuwa nikimwita mbwa kwa sababu ya kiatu." Niliirudia mpaka ikakaa mdomoni. Nilipotoka nayo, Shoferi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, blanketi mabegani.

"Shefu, tusichoshe bantu," alikuwa akisema. "Ile jina nani anaiitaka kila siku mu avenyu hii? Ni minye. Nilikuwa na homa, na homa inaendeshaka bila freni. Nitakuwa niliita mbwa yangu na sikujua."

"Basi mbwa iuawe!" mtu alipaza sauti. "Tumechoka na ile jina!"

"Mbwa haikujipa jina," alisema Shoferi. "Ukipata barua ya matusi, utapiga bahasha?"

Kisha alimgeukia Mama Kushona, akamwambia achukue bashi. Turubai lile lilikuwa zito na zima, na wakati ule wa kukimbiakimbia watu walilitafuta kuliko mabati. Mama Kushona alilibadilisha na cherehani kuukuu iliyoshona na kulia kama mbuzi, lakini ilishona.

Mimi nilisimama pembeni ya choo na sentensi yangu. Ilikuwa tayari, ilikuwa nzuri, na mahali pake palikuwa pameshajaa.

Mtu asiye na bashi hawezi kungoja mvua chini ya paa lile. Wiki hiyo Shoferi aliamua kwenda Luberizi, kwa dada yake aliyelima mpunga. Na hata kama paa lingekuwa zima, watu walikuwa wakishtuka kila alipomwita mbwa, na yeye alijua. Alipanda nyuma ya gari dogo lililokuwa likienda kubeba mchele, kamba ya Banakuya imezungushwa mkononi. Bariyeri alibaki, kwa kuwa hatukuwa tumehama. Nilimuaga nimeshika matete ya ua wetu, nimefungua mdomo.

"Sema, Mamuzeli," aliniambia.

Gari likawashwa. Alikunja uso, akageukia dereva: "Toa freni ya mukono kwanza, sha! Nani alikufundisha?" Wakaondoka wanabishana.

Miaka ilipita. Bariyeri alizeeka akafa, wajukuu wake wakarithi mlango wa jiko. Mama alianza kuumwa miguu, nikachukua kazi yake ya kuuza mchele, nami nikaifanya kwa namna yangu: niliuweka mbele yangu nikanyamaza, na watu walinunua kwa kufikiri kwamba nina msiba. Mchele bora unatoka uwanda wa Ruzizi. Nilipita Luberizi kwa pikipiki mara nne bila kushuka, kila mara nikimwambia mwenye pikipiki kwamba leo nina haraka. Mara ya tano pikipiki ilitoboka tairi pale pale kwenye njia panda. Nikaona hata Shoferi angekubali kwamba hiyo ni ishara.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya dada yake, karibu na mpunga ulioanikwa, na kijiti cha kufukuzia kuku. Alikuwa amekonda, na jicho moja limefunga ukungu.

"Hodi," nilisema.

"Baiskeli hiyo ninaijua," alisema. "Karibu, Mamuzeli."

Tuliulizana habari. Alinitajia kila mtu wa avenyu, hata Muliniroga na Nabado. Niliuliza kuhusu Banakuya. Alikuwa amekufa msimu uliopita wa mvua, kwa uzee, kitandani. Hapa alikuwa akiiba ndala za watu wa mashambani, nao waliacha za kushoto nyumbani, wakaenda shambani na mguu mmoja wazi ili kumkomesha. Tulicheka. Kicheko kilipoisha nikajua kwamba nisiposema wakati huo nitarudi Songo na sentensi yangu ikiwa imeoza.

"Papa," nilisema, "siku ile ya kukimbia, haikuwa weye. Ni minye niliita. Mbwa yako ilinibebea kiatu."

Alinitazama kwa lile jicho zima. "Weye?"

"Ni minye."

"Bongo, unadanganya!" Alicheka mpaka akakohoa. "Weye uondoe avenyu muzima? Weye ukiita mbwa, inakuya paka!"

"Niliita kwa nguvu. Kiatu kilikuwa kipya."

Nilimweleza yote: kiatu, njia ya Kavimvira, choo cha shefu. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia katika miaka yote ya ua. Kadiri nilivyosema, kicheko chake kilipungua. Kuku walikuja wakadonoa mpunga, hakuwafukuza.

"Mwisho nilitaka kuomba musamaha," nilisema. "Na niko tayari kuenda kusema kwa shefu, na kwa Mama Kushona."

Aliongea akitazama mpunga.

"Gari balininyang'anya. Bashi nilitoa. Mbwa imekufa. Hapa batoto bananiitaka mutu mwenye sauti, ule aliyekimbizaka Songo muzima akiwa ku kitanda. Nikipita banapiga saluti." Aligusa koo lake kwa kidole. "Sasa weye umetoka mbali kuya kuninyang'anya hata sauti?"

Sikuwa nimetunga jibu la hilo. Nilikuwa nimetunga majibu ya hasira, ya machozi, hata ya kusamehewa. Niliangalia chini.

Wakati huo watu walikuwa wakirudi kutoka mashambani, na ilionekana ni desturi yao kupita pale. Walikaa kwenye magogo na vinu, dada yake akatoa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza mgeni ni nani.

"Ni jirani yangu wa Songo," alisema Shoferi. Sauti yake haikuwa na nguvu yake ya kawaida. "Alikuwa kule siku ile."

"Ile siku ya makelele?" Wote walinigeukia, kama watu sita au saba, na watoto nyuma yao. "Yaya, dada yetu, basi utwambie weye. Huyu mzee tunamuzoea. Ni kweli ni yeye? Ni sauti yake ilikimbiza bantu bote bale?"

Shoferi hakuniangalia. Alikuwa akifikicha punje za mpunga kati ya vidole, maganda yanamdondokea magotini.

Nilisimama, kwa kuwa nikikaa sauti yangu hukaa pia.

"Ni yeye!" nilisema, na mtu aliyekuwa akipita njiani na jembe aligeuka kutazama. "Minye nilikuwa pale! Nilikimbia mupaka Kavimvira juu ya ile sauti, na sikuangalia nyuma!"

Niliwatazama mmoja mmoja machoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema mbele ya watu mpaka mwisho wa sentensi, na hakukuwa na neno la kweli ndani yake isipokuwa lile la kukimbia.

Watu walipiga makofi. Yule mwanamke mwenye mtoto akasema, "Kumbe!" Shoferi alipangusa maganda magotini, akanyoosha mgongo, akaisukuma kwa mguu stuli iliyokuwa karibu naye.

"Mumupe shahidi pa kukaa," alisema. "Niwaelezee mwanzo."